Mbega Wanane na Ndizi za Sotik

Jumatatu, 11 Machi 1968

Andika, Sellah. Anza na tarehe, mimi tarehe siijui, najua tu lori ilileta wale wanyama juzi.

Jina langu ni Nyambeki, lakini hapa kempu wananiita Mama Ogari, ingawa Ogari mwenyewe alikufa akiwa na miaka tisa. Nimechuma majani chai hapa miaka ishirini na mbili. Nilianza wakati chai ya kule chini kwa mto ilikuwa inanifika kwa goti. Sasa mgongo umekataa. Nyapara aliniita akasema, "Mama, kikapu kimekushinda. Utalisha nyani wa mzungu, ama utarudi kwenu." Nikasema nitalisha. Nyumba ni ya kazi. Kazi ikiisha nyumba imeisha, hiyo hata watoto wanajua.

Sellah ni jirani yangu, bibi ya dresa wa dispensari, amesoma mpaka darasa la saba. Ananiuliza mtu asiyejua kusoma anataka daftari ya nini. Sellah, wewe ni mtoto wa juzi, ngoja nikuambie.

Kwetu huko Kisii mume wangu alikufa, halafu Ogari, halafu dada yake, mwaka mmoja tu. Kwa mazishi ya Ogari watu walilia na mimi. Kwa yule msichana hawakulia na mimi, waliniangalia. Kulikuwa na mama mwingine ng'ambo ya mto ambaye waliangalia hivyo hivyo, na siku moja nyumba yake iliwaka na yeye yuko ndani. Mimi hawakuwa wameniita lile jina bado. Nilitoka kabla hawajaniita. Ndiyo nikafika hapa.

Sasa nimepewa roho nane nilishe kwa mkono wangu, mimi mjane, mzee, peke yangu. Wakifa, nani atasema ni baridi? Kwa hivyo andika yote. Siku wakiniuliza, niwe na mahali nimesema.

Wanyama wenyewe ni mbega. Wako nane, kwa ile nyumba ya zamani ya ndama, imezungushwa waya mpaka juu. Weusi, na nywele nyeupe ndefu imeanguka kutoka kwa mabega kama mtu amejifunga shuka. Mkia nayo nyeupe, nene. Uso ya mzee aliyekasirika. Na hawana kidole gumba! Nimeangalia mara tatu. Wanashika waya na vidole vinne tu. Wametolewa kwa ule msitu unaokatwa ili chai iongezwe. Mzungu wa wanyama, anaitwa Bwana Hatli, ndiye anawashika na kuwapeleka ng'ambo. Aliniambia, "Wewe mama, pa hawa majani ya msitu, maji, basi. Hapana kitu ingine. Chakula ingine mimi tasema baadaye." Akanipa ufunguo, akaenda. Atakuja mara moja kila wiki mbili.

Jumanne, 12 Machi

Hawajala.

Jumatano, 13 Machi

Hawajala. Wamekaa juu wote wamenipa mgongo.

Ijumaa, 15 Machi

Leo wamekula kidogo. Majani inaletwa na Kipkorir, Mkipsigis, shamba lake limepakana na msitu. Analeta gunia mbili asubuhi, anamwaga, anasimama. Haongei. Anaangalia wale mbega kama mtu anaangalia ngozi kwa duka. Mimi najua wazee wao walikuwa wanavaa ngozi ya mbega kwa sherehe. Na msitu huo alikuwa anachungia ng'ombe yake kabla kampuni haijaweka waya. Mtu kama huyo ana roho gani na hii kazi?

Nilimwambia, "Kipkorir, hii majani iko na sumu?"

Akasema, "Kogo, kama iko sumu, wao ndio wanajua. Wamekula hii kabla wewe na mimi hatujazaliwa."

Kogo ni nyanya kwa lugha yao. Sikupenda vile alisema. Sellah anacheka. Andika kwamba Sellah anacheka.

Jumanne, 19 Machi

Mvua ya mawe. Tangu jana alfajiri. Kelele ya mabati ilikuwa hata ukipiga nduru mtu wa karibu hasikii. Chai yote imepasuka, wachumaji wamekaa nyumbani, na kule kwa msitu mti umeanguka kwa njia. Kipkorir hakuja jana, hakuja leo.

Mbega walianza kulia. Si kulia ya nyani, hii ni kama mtu anakoroma ndani ya debe. Yule dume mkubwa, namwita Mzee, alishuka mpaka chini, akashika waya na vile vidole vinne, akaniangalia mdomo. Ogari aliniangalia mdomo hivyo ile wiki ya mwisho, na sikuwa na kitu.

Nilikuwa na mkungu wa ndizi, imeiva vizuri, nilinunua kwa akina mama wetu wa Kisii wanaouza soko ya Sotik. Nikamenya moja. Nikaponda kwa sahani, kama unalisha mtoto. Mzee alinusa. Akatia mkono. Akalamba. Halafu wote wakashuka, Sellah, wote, na yule mama mwenye mtoto mweupe kifuani! Mkungu mzima uliisha.

Mzungu alisema hapana kitu ingine. Lakini mzungu hakuwa hapa kwa mvua.

Jumatano, 20 Machi

Ndizi. Wamekula.

Alhamisi, 21 Machi

Kipkorir ameleta majani. Hawakuangalia. Ndizi, wamekula.

Jumamosi, 23 Machi

Ndizi na uji wa wimbi. Wamekula, wamelamba sahani.

Jumatatu, 25 Machi

Ndizi. Uji. Nimewapa chai ya maziwa na mkate, wanashika kikombe kama watu wa kanisa. Akina mama wa kempu wamekuja kuona. Gesare, yule wa nyumba ya mwisho mwenye mtoto Nyatichi, alisema, "Mama Ogari, nifungulie na mimi niingie kwa waya! Mume wangu hajawahi niletea mkate." Tulicheka mpaka nikashika mgongo. Tumbo yao imekuwa kubwa, mviringo. Nimesema, waone sasa kama mimi si mtu wa kulea kitu na ikue. Nyatichi nilimpa ndizi moja mkononi.

Alhamisi, 28 Machi

Bwana Hatli alikuja. Nilisikia gari, nikakusanya maganda yote nikayaficha chini ya gunia, na mimi mwenyewe nikakaa juu ya gunia. Alihesabu nane. Aliona tumbo akasema, "Mzuri. Nakula sana." Akaandika kwa karatasi, akasema safari hii atakawia mpaka mwezi wa tano, akaenda. Moyo wangu ulikuwa unapiga mpaka gunia inatikisika.

Choo yao imebadilika. Mwanzo ilikuwa kavu, vidonge kama ya mbuzi. Sasa ni maji. Nimesema ni kwa sababu ya maziwa.

Jumanne, 2 Aprili

Sellah, kaa vizuri, leo ni ndefu.

Asubuhi nilipofungua, yule mdogo wa kike, mwenye kovu puani, alikuwa chini amelala upande mmoja. Tumbo lake, Mungu wangu. Limejaa mpaka miguu imesimama kando, haiwezi kushuka. Nikagonga na kidole, likasema dum. Ilikuwa inapumua juu juu kama mtu amekimbia. Mate inatoka mdomoni, harufu chachu. Nilikaa nayo. Nilimfinya tumbo polepole kama tunavyofinya mtoto akijaa upepo. Alinishika kidole, hiki hapa. Jua lilipofika kwa mlango alikuwa amekufa na hajaniachilia, ikabidi nitoe vidole vyake kimoja kimoja.

Kabla ya kumwita nyapara nilisimama hapo mlangoni nikaona maganda, sahani, kikombe. Nikaogopa. Nikaosha vyombo kwanza. Andika hivyo, kwamba niliosha vyombo kwanza.

Nyapara alikuja, akasema, "Ulimpa nini?" Nikasema, "Majani ya Kipkorir." Ni kweli kwamba Kipkorir aliangusha majani asubuhi hiyo. Ni kweli pia kwamba hakuna mbega aliyeyagusa. Hiyo ya pili sikusema.

Halafu nikafikiri hivi, na nilifikiri kweli, sikuwa nadanganya: ni nani ana panga, ni nani anatoka kwa msitu, ni nani anataka ngozi? Jioni nilitupa majani yote nyuma ya nyumba. Nimesema kuanzia leo hawatakula kitu cha Kipkorir. Watakula kile kimetoka kwa mkono wangu tu.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua. Ndizi tu.

Alhamisi, 4 Aprili

Ndizi tu. Yule mama anayenyonyesha hali chochote. Amejishika tumbo.

Ijumaa, 5 Aprili

Yule mama amekufa. Tumbo vile vile. Kale katoto kako bado kanamshika.

Nimemwita Kipkorir mchawi mbele ya watu, nilimwona akipita kwa barabara na gunia nikapiga kelele. Alisimama. Akaweka gunia chini. Akasema, "Kogo, hiyo neno ukilitoa halirudi mdomoni." Akachukua gunia lake akaenda. Watu hawakumwangalia yeye. Waliniangalia mimi.

Jumatatu, 8 Aprili

Katoto kalikufa jana. Watatu sasa.

Jumapili, 14 Aprili, Pasaka

Kanisani nilikaa kwa benchi yangu ya siku zote. Benchi hiyo inabeba watu sita. Leo ilibeba mimi.

Sellah alikuwa kwa kwaya, ndiyo maana hakukaa na mimi. Anasema tuandike hivyo. Sawa. Lakini wale wengine hawakuwa kwa kwaya.

Nyatichi wa Gesare ni mgonjwa. Tumbo limejaa.

Jumanne, 16 Aprili

Nilienda kwa mfereji kuteka maji. Kulikuwa na akina mama kama kumi, wanaongea, wanacheka, nikafika wakakoma. Nikaweka debe yangu kwa laini. Yule wa mbele yangu akasogeza yake ili zisigusane.

Gesare alikuwa na mtoto mgongoni. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliniua. Alisema polepole kama anauliza bei ya chumvi, "Mama Ogari, ulimpa Nyatichi ndizi kwa mkono gani?"

Nikasema, "Gesare, wewe ulikuwa hapo. Tulicheka."

"Nilicheka, ndiyo. Sasa niambie. Nyani anakula kwako, tumbo linafura. Mtoto anakula kwako, tumbo linafura. Na kwenu ulikotoka, ni nini kilifura?"

Sellah, mimi sijawahi kumwambia mtu yeyote hapa habari ya kwetu isipokuwa wewe. Usilie. Sisemi ni wewe. Kisii ni karibu, watu wanapanda gari Sotik asubuhi na kurudi jioni, na habari inapanda na wao. Niliacha debe hapo hapo. Bado iko huko.

Ijumaa, 19 Aprili

Dresa, mume wa Sellah, alimpa Nyatichi dawa ya minyoo na minyoo imetoka, mtoto ameamka anacheza. Namshukuru Mungu. Lakini kwa mfereji wanasema nimemwachilia kwa sababu niliulizwa.

Na leo mbega wa nne amekufa. Nilimkuta ameshafura, amekauka. Niliketi nje ya waya sikuwa na nguvu ya kuita mtu. Kipkorir akapita. Sijui kwa nini alisimama, baada ya vile nilimwita. Aliangalia ndani, akasema, "Fungua."

"Unataka ngozi?"

"Nataka tumbo. Fungua, Kogo."

Alimtoa nje, akamlaza kwa nyasi, akapasua na kisu chake polepole. Harufu iliyotoka! Busaa. Pombe ya busaa ya siku nne iliyosahaulika kwa mtungi. Povu ikamwagika mpaka kwa viatu vyake. Kipkorir hakurudi nyuma. Alishika lile tumbo akalinyoosha, akaita, "Kuja uone." Nikasema sitaki. Akasema, "Kuja."

Mimi nilifikiri ndani ya nyani ni kama ndani ya mtu. Sellah, si kama mtu. Tumbo lake ni kubwa kuliko tumbo la mwanaume, na lina vyumba, limejikunja kunja kama mfuko umeshonwa kwa uzi. Kipkorir akasema, "Hii si tumbo ya nyani. Hii ni ng'ombe. Huyu anaweka majani ndani, inakaa, inaiva polepole. Ng'ombe yangu moja iliingia kwa stoo ya mahindi. Ikashiba. Asubuhi ilikuwa imelala, tumbo hivi, povu hivi. Kitu tamu kwa tumbo kama hii ni moto." Akatia kidole ndani akatoa kitu, akanionyesha. Uzi wa ndizi, zile nyuzi nyeupe za kando.

Hakuniuliza. Alipangusa kisu kwa nyasi.

Nikasema, "Walikuwa na njaa. Kulikuwa na mvua ya mawe. Waliniangalia mdomo."

Akasema, "Najua."

"Na wewe nilikuita vile nilikuita."

"Uliniita," akasema. "Sasa kuna wanne. Uko na magadi kwako?"

Magadi ninayo, napikia mboga ngumu. Ameniambia niweke kidogo sana kwa maji yao, wao huwa wanapeleka ng'ombe kwa udongo wa chumvi ikiwa na shida kama hiyo. Na majani. Majani tu, hata wakilia.

Jumamosi, 20 Aprili

Majani. Magadi kidogo. Wamelia siku nzima. Mzee alinitupia majani usoni.

Jumapili, 21 Aprili

Majani. Hawajala. Sikuenda kanisani.

Jumatatu, 22 Aprili

Majani. Wamelia. Nilishika ndizi mkononi mara mbili, mara mbili nikairudisha.

Jumatano, 24 Aprili

Kipkorir ameleta majani mapya, yale ya ncha, laini, yenye rangi nyekundu kidogo. Mzee amekula moja. Moja tu! Nilihesabu.

Ijumaa, 26 Aprili

Wamekula wote wanne. Mvua kubwa, lakini Kipkorir alikuja amejifunika gunia kichwani. Yeye gunia anasema "kunia", na leo nilimwambia, "Kunia lako limeloa," na alicheka. Ni mara ya kwanza nimeona meno yake.

Jumatatu, 29 Aprili

Choo ya mbuzi! Vidonge, kavu! Nimeokota moja nikaenda nayo mpaka kwa Sellah, Sellah alikuwa anakula.

Nimefurahi nusu siku. Halafu nikakumbuka Alhamisi mzungu anakuja, atahesabu, na atakuta nane zimekuwa nne.

Nimekaa na hiyo hesabu tangu mchana. Nikisema nilitoa majani kama nilivyoambiwa, nyumba yangu itabaki. Lakini basi wamekufa na nini? Mzungu atasema majani ina sumu, watamfunga Kipkorir. Na kwa mfereji watasema majani haina kitu, ni yule mama mzee, maana kifo kisicho na sababu wanakitafutia mtu. Tayari nyapara ameniambia watu wanataka kuleta mtaalamu wa kutafuta wachawi kutoka kwetu aje aangalie kempu nzima, nyumba kwa nyumba. Najua atasimama kwa mlango gani.

Nikisema ni ndizi, nilivunja amri. Nyumba imeenda, na mahali pa kurudi ni kule wananingoja.

Sellah ananiuliza nitasema ipi. Sijui. Weka kalamu.

Alhamisi, 2 Mei

Alikuja saa nne. Nyapara nyuma yake, na watu, maana mvua ilikuwa imeacha na kila mtu alitaka kuona. Gesare alikuwa mbele kabisa. Kipkorir aliitwa.

Bwana Hatli alihesabu na kidole. Moja, mbili, tatu, nne. Akahesabu tena. Akamgeukia Kipkorir uso mwekundu. "Wewe! Wewe nakata majani ya sumu?"

Kipkorir akasema hapana. Nyapara akasema, "Bwana, huyu tunajua anataka ngozi. Tumpeleke polisi Sotik." Akamshika mkono. Kipkorir hakuniangalia. Kama angeniangalia labda ningekasirika nikanyamaza. Hakuniangalia hata kidogo.

Nilisikia sauti inasema, "Mwachilie. Ni mimi." Na ilikuwa yangu.

Nikasema yote. Mvua ya mawe, mkungu, uji, chai, mkate. Nikasema nilikalia maganda. Nikasema tumbo lao ni tumbo la ng'ombe na mimi nimelijaza pombe. Nilisema mbele ya Gesare na wote, nikangoja.

Bwana Hatli aliwaangalia tena wale wanne. Halafu, Sellah, alicheka. Alinipiga bega!

"Mama, wewe nafanya kazi mzuri. Wewe nasaidia mimi. Kwa meli hapana majani. Siku ishirini kwa maji, iko ndizi, iko mkate, basi. Mimi nataka kuanza hii kazi wiki hii. Wewe nisha anza."

Nikasema, "Bwana, wakila watakufa."

"Ingine takufa. Ile ya kufa, afadhali nakufa hapa. Ile nabaki, hiyo iko nguvu, hiyo mimi napeleka. Nane, napata mbili, natosha. Haya. Kesho pa ndizi tena."

Akageuka kwenda kwa gari. Kwa hivyo nyumba yangu ilikuwa imebaki. Kosa langu lilikuwa si kosa. Nyapara alianza kunichekea.

Na hapo ndipo niliogopa kuliko siku zote, hata kuliko ile ya mfereji. Wakati wa wale wanne sikujua. Kama mtu ananiita lile jina, mimi naweza kusimama mbele ya Mungu niseme ni uongo, sikujua. Kesho nikichukua ndizi, nikamenya, nikampa Mzee mkononi nikijua iko na nini ndani, nitasema nini? Mtu anayetoa kifo kwa chakula kwa mkono wake na anajua, huyo ana jina moja tu, na mimi nimelikimbia kutoka Kisii mpaka hapa.

Nikamwita, "Bwana." Nikatoa ufunguo. "Mimi siwezi."

Nyapara akasema, "Mama, umerukwa na akili? Nyumba!"

"Nimesikia. Nyumba."

Ufunguo ulikaa hewani hapo. Halafu Gesare akatoka kwa watu, Nyatichi mgongoni, akauchukua. "Mimi nitalisha," akasema. Mume wake hajapata kazi tangu mvua ya mawe. Simlaumu. Nyapara amenipa siku kumi nitoke.

Jumamosi, 4 Mei

Nafunga vitu. Havijai hata gunia moja. Kurudi kwetu sirudi, nitaenda mbele mpaka barabara iishe.

Jumapili, 5 Mei

Kipkorir alikuja na bibi yake Chepyegon. Wana ndama sita na Chepyegon miguu inamuuma. Wana kibanda. Mimi Mkisii peke yangu katikati ya Wakipsigis, hata salamu zao sijui. Nimesema nitafikiri. Chepyegon akasema, "Fikiria ukitembea, Kogo, mvua inakuja."

Alhamisi, 9 Mei

Leo ningehama kwenda kwa kina Chepyegon. Lakini kwanza nimwambie Sellah hii, halafu nitahama kesho.

Asubuhi Gesare alikuja kwangu anakimbia, hana viatu. Mbega wawili wamekufa pamoja. Wiki moja ya ndizi na mkate tu, kama alivyoambiwa. Alikuwa ametoka kwa mfereji. Akasema, "Mama, wamesogeza madebe." Alishika mlango wangu.

Nitasema kweli. Nilihisi kitu kitamu kwa roho. Lile jina lilikuwa limenitoka, limepanda mgongo wa mtu mwingine, na ningenyamaza tu, ningebeba gunia langu nikaenda zangu nimekuwa safi. Nyatichi alikuwa anavuta nywele ya mama yake.

Nikasema, "Chukua mmoja wa hao waliokufa. Twende."

Tulipita katikati ya kempu, yeye amebeba mbega kwa karai, mimi na kisu cha jikoni. Kwa mfereji walikuwa wengi. Waliachana wakatupa nafasi kubwa kama tumebeba moto. Nikaweka karai chini.

"Mimi nimeua wanne," nikasema. "Gesare ameua wawili. Kujeni muone tumeua na nini."

Mama mmoja akasema, "Mnasikia? Amekubali kwa mdomo wake!" Mwingine akashika jiwe. Nililiona jiwe, Sellah. Lilikuwa jeusi, limeloa. Nilipiga magoti hata hivyo nikapasua, na mkono wangu si kama wa Kipkorir, nilipasua vibaya, povu ikanirukia mpaka kwa leso.

Ile harufu ilipofika walishika pua. Nikavuta lile tumbo nje, nikawaonyesha vyumba, nikawaonyesha ule ujiuji umechacha, nyuzi za ndizi, kipande cha mkate bado kina ganda. Nikasema, "Huyu ni ng'ombe amevaa nguo ya nyani. Mkimpa ng'ombe wenu hii, mtaita nani mchawi?"

Halafu nyuma kabisa mtu akasema, "Kweli inanuka kama busaa ya Okoth." Na mwingine, "Ya Okoth ni mbaya zaidi, hii angalau ina ndizi." Wakacheka, si wote, wachache. Lakini yule wa jiwe alilitumia kusugua debe lake. Na mama Nyamweya, yule ambaye hajanisalimia tangu Pasaka, akamwambia Gesare kwa ukali, "Sogea basi, umefunga maji." Gesare akasogea. Mama Nyamweya akateka maji wamegusana bega kwa bega.

Wamebaki wawili, Mzee na dume mwingine mdogo. Gesare aliniuliza hapo hapo, mbele ya wote, "Leo niwape nini?"

Wote walinigeukia. Niliona ananiuliza na nyumba yake, na mtoto wake, na mume wake asiye na kazi.

Nikasema, "Majani."

"Na mzungu?"

"Mzungu anakuja mara moja kwa wiki mbili, Gesare. Tumbo linakuja kila siku."

Alimwaga maji kwa lile karai, akaosha damu, akaosha na mikono yangu. Halafu akamfunga Nyatichi vizuri mgongoni na kushika njia ya msitu kumtafuta Kipkorir.